Dola Moja kwa Kila Msiba

Wanaume Wakatoliki wakisifiwa kwa matendo ya huruma, sifa hizo huenda kwenye mkono unaotoa: magunia ya unga yaliyopelekwa kwa wazee, mabati ya nyumba ya paroko, mchango uliopitishwa baada ya misa ya pili. Historia ya vyama vyao inasimulia jambo lingine. Chama kikubwa kuliko vyote vya wanaume Wakatoliki duniani, Knights of Columbus, chenye wanachama wapatao milioni 2, hakikuanzishwa ili kuwagawia maskini chochote. Kilizaliwa mwaka 1882 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut nchini Marekani, kikiwa chama cha kufa na kuzikana. Walioingia walikuwa wenyewe maskini, au watu waliotenganishwa na umaskini kwa mshahara wa wiki moja tu, na walichoahidiana ni kwamba mmoja akifa, waliobaki watalipa. Ukarimu wote uliofuata, kuanzia vibanda vya askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia hadi misaada ya leo, ulisimama juu ya ahadi hiyo. Nami nasema ahadi hiyo ilikuwa na huruma kubwa kuliko sadaka, hata kama haikuvaa sura ya huruma.

Tuutazame mji wenyewe kwanza. Wakatoliki wa New Haven ya wakati ule walikuwa kwa sehemu kubwa Waayalandi, wale waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 pamoja na watoto wao waliozaliwa ugenini. Walifanya kazi kwenye reli, kwenye ujenzi, na kwenye viwanda, kikiwamo kile cha bunduki cha Winchester. Hakukuwa na fidia ya kazini iliyowekwa na sheria, wala hifadhi ya jamii. Mwanamume akiangukiwa na chuma, au akimalizwa na kichomi, mshahara ulikoma siku hiyo hiyo, na mjane akawa na njia chache: kufua nguo za watu, kuwapeleka watoto kiwandani, au kuwaona wakitawanywa kwa walezi na kwenye nyumba za maskini. Waprotestanti waliotawala mji hawakuwafurahia wageni hawa. Kanisa la Mtakatifu Maria lilipojengwa katika mtaa wa matajiri wa Hillhouse Avenue, gazeti la New York Times liliandika mwaka 1879 kana kwamba jengo hilo ni doa lililochafua mtaa. Parokia ilikuwa na deni zito, na waliotakiwa kulilipa ni hao hao vibarua.

Paroko msaidizi wa kanisa hilo, Padre Michael McGivney, aliijua hali hii kabla hajavaa kanzu. Alizaliwa Waterbury, katika jimbo hilo hilo, tarehe 12 Agosti 1852, akiwa wa kwanza kati ya watoto 13 wa mfanyakazi wa kiwanda cha shaba. Baba yake alifariki mwaka 1873, yeye akiwa seminarini, na alilazimika kurudi nyumbani kabla askofu wake hajamwezesha kuendelea na masomo Baltimore, alikopewa upadre mwaka 1877. Miaka michache baadaye akawa anayaona ya nyumbani kwao katika nyumba za waamini wake. Mwanzoni mwa mwaka 1882 suala la familia moja, ya Downes, lilifika mahakama ya mirathi ya New Haven. Baba alikuwa amekufa, na mahakama ilitaka kila mtoto wa kiume apate mlezi mwenye dhamana. Kwa kijana mmojawapo, Alfred, aliyejitokeza ni McGivney, na dhamana ya dola 2,500 ikawekwa. Lakini padre mmoja angeweza kuwa mlezi wa yatima wangapi? Hapo ndipo huruma ya mtu binafsi inapofika ukingoni, hata awe mtakatifu. McGivney alilitambua hilo mapema: tangu Oktoba 1881 alikuwa ameanza kukutana na wanaume wa parokia katika chumba cha chini ya kanisa kujadili chama, na tarehe 29 Machi 1882 bunge la Connecticut likakipa hati ya kisheria. Kiongozi wa kwanza hakuwa padre. Alikuwa mlei, James Mullen, askari mstaafu wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. McGivney mwenyewe alichukua kazi ya katibu, yaani kazi ya kuandika barua na kutunza daftari.

Utaratibu waliouchagua unastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hoja yangu. Mwanachama akifariki, kila aliyebaki alitozwa dola 1. Mjane aliahidiwa hadi dola 1,000, kiasi kilichozidi mshahara wa miaka miwili wa mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani. Chama kikiwa bado na watu wachache, fedha zilikuwa chache kulingana na idadi yao. Wanachama wakipita 1,000, mzigo wa kila mmoja ungeshuka chini ya dola. Aliyeugua akashindwa kufanya kazi alikuwa na haki ya kuchukua hadi dola 5 kwa wiki, kwa wiki 13, na ugonjwa ukizidi hapo wenzake wa tawi waliamua wamsaidieje. Neno lenye uzito hapo ni haki. Mjane hakulazimika kumwendea mtu akiwa amejifunika khanga usoni, wala kueleza kwamba ni mwadilifu, kwamba marehemu hakuwa mlevi, kwamba watoto wanakuja katekisimu. Fedha zilikuwa zake kwa sababu mumewe alikuwa amelipa dola yake kila mwenzake alipofariki. Na aliyelipa leo hakuwa mfadhili wa mtu. Alikuwa mdeni anayelipa deni ambalo kesho lingeweza kuwa lake kudai.

Mpango huo haukubuniwa na Kanisa. Mfumo wa kutozana dola moja kwa kila kifo ulikuwa umesambazwa Marekani na chama cha Ancient Order of United Workmen, kilichoanzishwa na fundi John Jordan Upchurch huko Pennsylvania mwaka 1868, na McGivney alikwenda hadi Boston na Brooklyn kuona jinsi vyama vingine vya Wakatoliki vilivyokuwa vikiutumia. Alichokifanya yeye ni kuuleta parokiani na kuupa makazi. Sababu aliyoitanguliza katika barua aliyowaandikia maparoko wa Connecticut mwaka huo wa 1882 inaweza kumshangaza msomaji wa leo: kuwazuia wanaume Wakatoliki wasiingie katika vyama vya siri, kwa kuwapa manufaa yale yale au yaliyo bora zaidi. Aliwajua watu wake. Mwanamume aliyejiunga na Wamasoni au Odd Fellows hakuwa lazima ameikana imani. Mara nyingi alikuwa anatafuta mtu wa kumzika na kumtunzia watoto. Papa alikuwa ameuharamisha Umasoni tangu mwaka 1738, na marufuku peke yake haikumlisha yatima hata mmoja. McGivney alijibu marufuku kwa fedha taslimu, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa jambo la kichungaji kuliko mahubiri kumi dhidi ya Wamasoni.

Tofauti inaonekana vizuri tukikiweka chama hiki kando ya kingine kilichokitangulia kwa karibu nusu karne. Tarehe 23 Aprili 1833, jijini Paris, Frédéric Ozanam, mwanafunzi aliyetimiza miaka 20 siku hiyo, pamoja na wenzake wachache na mhariri Emmanuel Bailly, walianzisha kile kilichokuja kuitwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Sista Rosalie Rendu aliwafundisha kuwatembelea maskini majumbani mwao. Ni kazi nzuri, na ilivuka bahari hadi St. Louis, Missouri, mwaka 1845. Ozanam mwenyewe alisisitiza kwamba anayetembelea anapaswa kujifunza kutoka kwa anayetembelewa. Hata hivyo, muundo wenyewe una pande mbili: kuna anayepanda ngazi akiwa na kikapu, na kuna anayefungua mlango. Mmoja ana hiari ya kutorudi wiki ijayo. Katika chumba cha chini cha New Haven pande hizo hazikuwapo. Mtoaji na mpokeaji walikuwa mtu mmoja katika siku mbili tofauti za maisha yake, na hiari ya kutorudi ilikuwa imeondolewa kwa saini.

Hapa atasimama mpingaji wa kwanza, na ana hoja ya haki. Atasema: hiyo ni bima, na bima ni biashara, anayelipa ili alipwe hana thawabu, kwa maana hata watoza ushuru hufanya hivyo. Tena ataonyesha kwamba Knights of Columbus leo ni kampuni kubwa ya bima yenye mikataba ya maisha inayozidi dola bilioni 100, yenye mawakala na uwekezaji kama kampuni nyingine yoyote. Sikatai kwamba biashara ilikuja. Ila mpango wa mwanzo haukuwa biashara nzuri hata kidogo. Kila mwanachama alitozwa sawa bila kujali umri, na kwa hiyo kijana wa miaka 20 mwenye afya alijua, kama alijua hesabu, kwamba maishani mwake atalipa mara nyingi kuliko mzee aliyejiunga naye siku moja. Mtu anayetafuta faida angekwenda kwingine. Kijana aliyebaki alikuwa anawabeba wazee wa parokia yake, na alifanya hivyo mwezi baada ya mwezi bila kupigiwa makofi. Ni kweli kwamba mfumo huo usingeweza kudumu. Vyama vingi vya aina hiyo vilianguka wanachama walipozeeka na vifo vikaongezeka, na Knights nao walilazimika baadaye kupanga tozo kwa kufuata umri na kuweka akiba. Mageuzi hayo yalipunguza undugu na kuongeza uhakika. Mjane, nadhani, angechagua uhakika.

Mpingaji huyo huyo ataongeza kwamba chama cha wao kwa wao hakina cha kumpa jirani aliye nje. Mwaka 1917 unajibu. Marekani ilipoingia vitani, matawi yaliyokuwa yamezoea kukusanya tozo kwa orodha, kwa tarehe, na kwa stakabadhi, yaligeuza mashine hiyo hiyo kuelekea nje. Vibanda vyao vya kupumzikia askari, katika kambi za nyumbani na Ulaya, vilijulikana kwa tangazo la mlangoni: kila mtu anakaribishwa, kila kitu ni bure. Mprotestanti aliingia, Myahudi aliingia, askari Mweusi aliingia. Vita vilipokwisha, walifungua ofisi za kuwatafutia askari kazi na shule za jioni za kuwafundisha ufundi. Watu wasiozoea kudaiana wasingeweza kufanya hivyo kwa kasi ile. Moyo mwema ulikuwa kila mahali mwaka 1917. Kilichokuwa adimu ni daftari lililo sawa.

Lawama ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, na sitaipunguza. Askari Mweusi aliyeingia kibandani bure huko Ufaransa, akirudi nyumbani asingeweza kwa kawaida kuwa mwanachama. Hakukuhitajika katiba yenye kifungu cha ubaguzi. Kanuni ya kupokea wanachama iliruhusu kura 5 tu za siri za kukataa zimzuie mwombaji, na katika tawi la watu wengi hakukosekani watu 5. Kanuni ya undugu ilifanya kazi ya ukuta. Ni hadi mwaka 1964, wakati wa harakati za haki za kiraia na baada ya fedheha ya waombaji Weusi kukataliwa hadharani, ndipo kanuni hiyo ilipobadilishwa ili kukataliwa kuhitaji theluthi ya wapiga kura. Miaka 82 ilikuwa imepita tangu kupatikana kwa hati. Mtu anayeandika historia ya chama hiki kwa sifa tupu anapaswa kuisoma sentensi hiyo mara mbili.

Lakini lawama hiyo inaangusha nini hasa? Inawaangusha watu waliopiga kura. Hainishawishi kwamba inauangusha muundo, na ushahidi wangu ni walichofanya waliofungiwa nje. Tarehe 7 Novemba 1909, mjini Mobile, Alabama, mapadre wanne wa shirika la Josephites, akiwamo John Henry Dorsey, mmoja wa mapadre Weusi wa kwanza kupadrishwa nchini Marekani, pamoja na walei watatu, walianzisha Knights of Peter Claver. Jina walilichukua kwa Mjesuiti Mhispania aliyewahudumia Waafrika walioshushwa kutoka meli za watumwa bandarini Cartagena, na aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1888. Gilbert Faustina, mlei, ndiye aliyeongoza. Hawakuanzisha mfuko wa sadaka wala hawakuomba sehemu ya mfuko wa Wazungu. Walianzisha chama cha kusaidiana katika ugonjwa na kuzikana, kwa sababu kampuni nyingi za bima ziliwakataa Weusi au ziliwatoza zaidi, na kwa sababu katika parokia nyingi za Kusini walikuwa wakikaa viti vya nyuma hata kwenye misa ya mazishi. Umaskini wao ulikuwa mkubwa kuliko wa Waayalandi wa New Haven, na kifaa walichokichagua kilikuwa kile kile. Matokeo yakawa makubwa kuliko mazishi. Chama kilichowafunza watu kuchagua viongozi, kuweka kumbukumbu na kushika fedha za pamoja kikawa mahali pa kutayarishia haki: A. P. Tureaud, mwanasheria wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, aliyeongoza kesi za kuvunja ubaguzi shuleni New Orleans, alikuwa mmoja wao, na jengo la chama hicho mjini humo likawa mojawapo ya makao ya harakati hizo. Wanawake wao walipata tawi lao mwaka 1922.

Kuhusu siri na maandamano ya mapanga na kofia zenye manyoya, nitasema kwa ufupi. Wanaume wa karne ya 19 walipenda sherehe za kupandishwa daraja, na McGivney na wenzake waliwapa. Ilikuwa gharama isiyo ya lazima. Mara siri zilipokuwapo, maadui walijaza wenyewe yaliyomo: wakati wa uchaguzi wa mwaka 1912 ilisambazwa hati ya kiapo cha kughushi, ikidai kwamba wanachama wa daraja la nne wameapa kuwaua Waprotestanti, na uongo huo uliendelea kuzunguka kwa miongo kadhaa. Daftari la tozo halikuhitaji kufichwa, na kilichofichwa hakikumsaidia mjane yeyote. Jina la Columbus nalo lilichaguliwa ili kuwaambia wenye nchi kwamba Mkatoliki alifika kabla yao. Wazawa wa bara la Amerika wana la kusema kuhusu hilo, na wanalisema.

McGivney hakuyaona mengi ya haya. Alihamishiwa Thomaston mwaka 1884 akawe paroko, akaugua kichomi, na akafa tarehe 14 Agosti 1890 akiwa na miaka 38 tu. Mwaka uliofuata Papa Leo wa 13 alitoa waraka wa Rerum Novarum, na ndani yake akavitaja kwa heshima vyama vya kusaidiana na mifuko ya kuwatunza wajane na yatima wa wafanyakazi. Waraka huo husomwa kama mwanzo wa mafundisho ya jamii ya Kanisa. Ukweli ni kwamba katika jambo hili Papa alikuja kubariki kilichokuwa tayari kinafanyika katika vyumba vya chini vya makanisa, kikiendeshwa na mafundi na wauza duka. Kanisa lilimtangaza McGivney kuwa Mwenye Heri tarehe 31 Oktoba 2020, huko Hartford.

Afrika Mashariki hatuna haja ya kuagiza utaratibu huu kutoka Connecticut. Vyama vya kufa na kuzikana vilikuwa mijini kwetu enzi za ukoloni, vikiwazika watu waliofia mbali na kwao, na maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1973, na kulithibitisha mwaka 1976, kwamba parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, misiba ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo zilizozipa jumuiya hizo uhai. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki nchini Tanzania, ilianza mwaka 1972. Wanaume wana UWAKA nchini Tanzania na CMA nchini Kenya. Tatizo liko kwenye maandishi. Historia za parokia zetu, zile zinazochapwa wakati wa jubilei, zina majina ya maparoko, miaka ya majengo na picha ya askofu akikata utepe. Nani alilipa nini mzee fulani alipofariki, mjane alipewa kiasi gani na kwa kanuni ipi, nani alikataliwa uanachama na kwa sababu gani, hayo yamo kwenye madaftari ya makatibu na watunza hazina, na madaftari hayo yanaliwa na mchwa kwenye kabati za sakristia au yanatupwa katibu anapohama. Kila parokia inayojiandaa kwa jubilei iyatafute sasa, wakati walioyaandika bado wapo wa kueleza mwandiko wao.